Kuchagua Programu ya Uzamili wa Fasihi na Kupima Ufadhili Wake: Hali ya Mwalimu wa Lodwar na wa Kakuma

Utangulizi

Makala haya yanamlenga mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari ambaye ameamua, au anakaribia kuamua, kuendelea na masomo ya fasihi katika kiwango cha uzamili na baadaye uzamifu. Tumechagua kulitazama suala hili kutoka Lodwar na Kakuma kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umbali. Mwalimu aliye Nairobi au Eldoret anaweza kukosea katika uchaguzi wake wa chuo na bado akajisahihisha kwa nauli ya matatu. Aliye Turkana hawezi. Ya pili ni kwamba katika kaunti hii moja wanafanya kazi walimu wa aina mbili wanaofundisha silabasi ileile, wakisahihisha insha zilezile, lakini ambao milango ya ufadhili inayowafungukia si mimoja: mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), na mwalimu wa kambini Kakuma au makazi ya Kalobeyei, ambaye huenda ni mkimbizi au Mkenya aliyeajiriwa kwa mkataba na shirika.

Suala lenyewe limepata uzito mpya. Tangu Januari 2026, darasa la 10 limeanza katika shule za sekondari ya juu, na katika mtaala huo Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchagua linalojisimamia. Mwalimu aliyezoea kufundisha riwaya moja, tamthilia moja na diwani ya hadithi fupi kwa ajili ya karatasi ya tatu anatakiwa sasa kuwa mhakiki kamili. Wengi wanatafuta maarifa hayo vyuoni, na wengi wanaingia humo kwa kufuata tangazo la gazetini au chuo alikosoma rafiki.

Swali la utafiti litangulie chuo

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mwalimu kuchagua chuo kwanza, akajisajili, akalipa, kisha mwaka wa pili ndipo anapoanza kujiuliza ataandika tasnifu juu ya nini. Matokeo yake ni tasnifu ya "maudhui na dhamira katika riwaya ya fulani", ambayo msimamizi ameshasoma kumi za aina hiyo na mfadhili hana sababu ya kuigharimia. Tunapendekeza mpangilio huo ugeuzwe. Anza na swali, kisha tafuta ni nani duniani anayelijali swali hilo, kisha ndipo utazame chuo alichomo mtu huyo na fedha zilizopo.

Walimu wa Turkana wana utajiri ambao hawautambui. Tuchukue masimulizi ya Nayece na fahali, yanayoeleza jinsi Waturkana walivyotengana na Wajie wa Karamoja na kuingia katika bonde la mto Tarach. Mto huo ndio unaopita Kakuma yenyewe. Tuchukue pia nyimbo ambazo mwanamume wa Kiturkana humtungia maksai wake mpendwa, na nyimbo za ngoma ya edonga. Mwanafunzi wa kidato cha tatu Lodwar anajua baadhi ya nyimbo hizo kwa moyo, lakini anapofundishwa fasihi simulizi anaulizwa mifano ya vitabuni kutoka jamii nyingine.

Hata hivyo, kuishi karibu na hazina si sawa na kuwa na swali la utafiti. Masimulizi ya Nayece yameshaandikiwa kitabu kizima kwa Kiingereza na Mustafa Kemal Mirzeler, kilichochapishwa Toronto mwaka 2014. Mwalimu anayetaka kuyashughulikia lazima akisome kwanza, ndipo ajiulize ni nini kilichobaki: je, tofauti ya usimulizi wa wanawake na wa wanaume? Je, tatizo la kuhamisha mtindo wa Ngaturkana hadi Kiswahili katika tafsiri? Je, namna masimulizi hayo yanavyobadilika yanaposimuliwa darasani mbele ya watoto wa Sudan Kusini, ambako nako zipo jamii za wafugaji wenye nyimbo za ng'ombe? Swali la mwisho hili linaweza kuulizwa vizuri Kakuma kuliko mahali pengine popote.

Upande wa fasihi andishi nao haukosi. Riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyokuwa kitabu teule, inahusu watu waliofurushwa makwao ndani ya nchi yao. Shule za kambini zinafuata mtaala wa Kenya, hivyo ilisomwa na vijana ambao wao wenyewe ni wakimbizi. Mhakiki anayejua nadharia ya upokezi ataona papo hapo kwamba hapa pana tasnifu. Je, msomaji wa Kakuma anajaza mapengo ya matini kwa namna moja na msomaji wa Nyeri? Swali la namna hii huzungumza pia na watu wa nje ya fasihi, yaani watu wa elimu na wa masuala ya uhamaji, na mara nyingi huko ndiko fedha zilikolala.

Historia ya taaluma yetu inaonyesha kwamba njia zote mbili, ya nyumbani na ya ng'ambo, zimezaa wahakiki. M. M. Mulokozi aliandika tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1986, kuhusu tendi za nanga za Wahaya, yaani fasihi simulizi ya kwao. Mwaka mmoja kabla yake, Euphrase Kezilahabi alimaliza uzamifu Wisconsin-Madison, Marekani, akijadili falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi. K. W. Wamitila alisomea uzamifu Bayreuth, Ujerumani, naye marehemu Ken Walibora katika Chuo Kikuu cha Ohio State. Ukizitazama mada zao na vyuo vyao, utaona kuwa utafiti wa Mulokozi ulihitaji awe karibu na manju wa nanga, ilhali ule wa Kezilahabi ulihitaji maktaba kubwa ya falsafa na nadharia. Kwa hiyo anayetaka kurekodi nyimbo za maksai Lokichoggio hana sababu ya lazima ya kuhamia Ulaya kwa miaka minne. Anachohitaji ni msimamizi, kinasa sauti, muda na nauli.

Msimamizi

Baada ya swali, tafuta mtu. Jina la chuo halisomi sura za tasnifu yako. Anayezisoma ni msimamizi. Tazama majarida ya taaluma, yakiwemo Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha yanayotolewa Dar es Salaam, uone ni nani amechapisha juu ya fasihi simulizi au juu ya nadharia unayoitaka katika miaka mitano iliyopita. Kisha uliza mambo ambayo tovuti ya chuo haiyaandiki: mhadhiri huyo anasimamia wanafunzi wangapi sasa? Amebakiza miaka mingapi astaafu? Wanafunzi wake wawili wa mwisho walichukua muda gani kuhitimu? Muulize mwanafunzi wake, si katibu wa idara.

Jambo la lugha nalo ni la kuulizwa mapema. Katika idara za Kiswahili za vyuo vyetu vya umma, na katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha TUKI na Idara ya Kiswahili, tasnifu ya Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili. Ukijisajili katika idara ya fasihi kwa jumla, au ng'ambo, huenda ukatakiwa kuandika kwa Kiingereza. Si dhambi. Lakini mwalimu ambaye kwa miaka kumi amehakiki kwa istilahi za Kiswahili atahitaji mwaka mzima kujifunza kuhakiki upya kwa lugha nyingine, na mwaka huo una gharama yake.

Hesabu ya mwalimu wa Lodwar

Sasa tuje kwenye fedha. Lodwar kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilichoanzishwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Mwalimu aanzie hapo kwa kuuliza ni programu zipi za uzamili zilizoidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na zinazofundishwa Lodwar kweli, si zile zilizo kwenye orodha ya chuo mama Kakamega. Akikosa anachokitaka, vyuo vilivyo karibu viko Eldoret, Kakamega na Bungoma. Kutoka Lodwar hadi Kitale ni takriban kilomita 300, na Eldoret iko kilomita 70 mbele yake. Anayetoka Kakuma aongeze 120. Na barabara ya kupitia Kainuk, kama wenyeji wanavyojua, haipangwi kwa kilomita peke yake.

Kwa mwalimu aliyeajiriwa, programu za likizo, yaani za Aprili, Agosti na Desemba, ndizo zenye faida kubwa zaidi kifedha, na sababu yake si karo. Sababu ni mshahara. Likizo ya masomo isiyo na malipo kwa miaka miwili humgharimu mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 50,000 kiasi cha shilingi 1,200,000, hata kama chuo kimemsamehe karo yote. Likizo yenye malipo hutolewa na TSC kwa masharti, na anayeipata hufungwa kwa mkataba wa kurudi kazini. Kabla ya kutia sahihi, uliza kwa maandishi iwapo posho ya mazingira magumu na marupurupu mengine yataendelea kulipwa ukiwa chuoni. Kwa mwalimu wa Turkana posho hiyo si kitu kidogo, na wapo waliopanga bajeti juu yake bila kuuliza.

Tufanye hesabu ya mfano. Takwimu hizi ni za kufafanulia tu. Kila mmoja aweke zake. Tuseme karo ya programu nzima ya likizo ni shilingi 300,000. Kuna safari sita za kwenda na kurudi kwa miaka miwili. Tukikadiria 8,000 kwa kila safari pamoja na chakula cha njiani, tunapata 48,000. Malazi ya wiki tatu kila likizo, kwa 700 kwa siku, ni 14,700. Mara sita ni 88,200. Kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, uchapaji, ujalidi wa nakala na gharama za wasimuliaji nyanjani, tuseme 40,000. Jumla ni shilingi 476,200. Karo, ambayo ndiyo pekee iliyoandikwa kwenye tangazo, ni chini kidogo ya theluthi mbili ya gharama.

Hapa ndipo tunapoona udhaifu wa kile kinachoitwa "ufadhili nusu". Chuo kinapokuambia kitakulipia asilimia 50 ya karo, kinakupa 150,000. Hiyo ni chini ya theluthi moja ya gharama zako. Mwalimu wa Eldoret anayelala nyumbani kwake akipewa msaada huohuo, kwake unakaribia nusu kweli. Usikatae msaada huo, ila usiuhesabu kwa jina lake.

Hesabu hiyo pia imechukulia kwamba utamaliza kwa wakati. Ukichelewa mwaka mmoja, na chuo kikadai ada ya kuendelea ya, tuseme, 60,000, na ukasafiri mara nne kumwona msimamizi, jumla inafika 568,200. Ucheleweshaji si jambo la kufikirika. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma ulioanza Septemba 2025 ulidumu siku 49. Karo nazo hubadilika: mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kilitangaza ongezeko kubwa la karo za uzamili, likazusha malalamiko na maandamano ya wanafunzi. Kwa hiyo swali moja la kuuliza kabla ya kusajiliwa ni hili: je, karo niliyoikuta nilipoingia itabaki hivyo hadi nimalize? Jibu liwe katika barua ya kupokelewa, si la mdomo.

Fedha zitoke wapi? Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ina mikopo ya uzamili kwa raia wa Kenya, lakini mwenye deni la shahada ya kwanza ambalo hajalilipa asitarajie kukaribishwa. Hazina ya Taifa ya Utafiti imewahi kutoa ruzuku kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Tatizo ni kwamba matangazo yake hayatoki kila mwaka, na mada za sayansi zina nguvu zaidi. Baraza la CODESRIA la Dakar limekuwa na ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu ambazo watu wa fasihi wa Kenya huzisahau. Mfuko wa basari wa kaunti unaelekezwa zaidi kwa wanafunzi wa sekondari na shahada ya kwanza, lakini kuuliza si hasara, hasa kama utafiti wako unahusu urithi wa Turkana.

Wengi huishia SACCO. Mkopo wa 300,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, ukilipwa kwa miezi 36, huzaa riba ya takriban 55,500. Si mbaya ukilinganisha na benki. Lakini kumbuka Sheria ya Ajira ya mwaka 2007: makato yote hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mwalimu aliyekwisha kukopea kiwanja au pikipiki huenda akakuta kwamba nafasi ya kukatwa haijabaki, na hilo hulijua akiwa tayari amelipa karo ya muhula wa kwanza. Itazame karatasi yako ya mshahara kabla ya kuitazama tovuti ya chuo.

Na je, shahada italipa? Tangu mwongozo mpya wa maendeleo ya kikazi wa TSC uanze kutumika, shahada ya uzamili peke yake haimpandishi mwalimu daraja. Kwa hiyo anayekopa laki tano kwa matumaini ya kupandishwa cheo mwaka unaofuata akae chini afikiri tena. Anayekopa kwa sababu anataka kuandika vitabu vya kiada, kuhamia chuo, au kufundisha Fasihi ya Kiswahili kwa kina, ana hesabu tofauti, na sisi hatumzuii.

Mwalimu wa Kakuma

Hali ya Kakuma inahitaji maelezo yake. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata miaka zaidi ya ishirini baadaye. Shule za sekondari za huko zimesimamiwa kwa miaka mingi na shirika la Windle International Kenya. Mwalimu Mkenya aliyeajiriwa humo kwa mkataba hana likizo ya masomo ya TSC wala uhakika wa mwaka ujao, kwa kuwa mkataba wake unafuata bajeti ya wafadhili. Mwaka 2025 misaada ilipopungua, hata mgao wa chakula kambini ulikatwa. Mwalimu asijenge mpango wa masomo wa miaka miwili juu ya mkataba wa miezi kumi na miwili bila kuwa na akiba.

Mwalimu mkimbizi ana vikwazo zaidi. Yeye kwa kawaida hulipwa posho ya motisha, si mshahara, na posho hiyo haitoshi kukopea popote. HELB ni ya raia. Ufadhili unaojulikana zaidi kambini, DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR, ni wa shahada ya kwanza. Programu ya WUSC ya kuwapeleka wanafunzi wakimbizi Kanada, iliyopo tangu 1978, nayo ni hivyohivyo. Tunalisema hili wazi kwa sababu tumesikia walimu wenye shahada tayari wakisubiri mwaka baada ya mwaka tangazo la DAFI wakidhani litawapeleka uzamili.

Jambo la kwanza la mwalimu huyu ni vyeti. Aliyesomea shahada Bukavu, Bujumbura au Juba lazima vyeti vyake vitambuliwe na kulinganishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kabla chuo cha Kenya hakijampokea, na vya Kifaransa vitahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Shughuli hii huchukua miezi. Ianze sasa, hata kama hujui utaomba chuo gani. Jambo la pili ni ruhusa ya kutoka kambini. Programu ya likizo Eldoret ina maana ya kuomba kibali cha kusafiri mara tatu kwa mwaka, na kibali kikichelewa wiki moja katika kikao cha wiki tatu, theluthi ya masomo imekwenda. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 zimeahidi kuwaingiza wakimbizi zaidi katika uchumi na huduma za kaunti. Hata hivyo mwalimu apange kwa utaratibu anaoukuta ofisini leo.

Kwa sababu hizo, programu ya masafa ni ya kutazamwa kwa makini zaidi Kakuma kuliko Lodwar. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina uzamili na uzamifu wa Kiswahili unaosomwa bila kuhamia chuoni. Dadaab walionyesha kwamba chuo kinaweza kumfuata mkimbizi: mradi ulioanza mwaka 2013 ukiunganisha vyuo vya York cha Kanada na Kenyatta na Moi vya hapa nchini uliwafundisha walimu kambini kwa vyeti halali vya vyuo hivyo. Ulihusu elimu, si fasihi, lakini mfano upo, na idara ya Kiswahili inayotaka kuuiga haitakosa wanafunzi Kakuma. Ada, umeme na intaneti vyote viingie katika hesabu. Sura ya tasnifu haipakiwi kwa simu yenye bando ya siku.

Wafadhili wa uzamili wanaowapokea wakimbizi wapo, ukiwemo mpango wa wasomi wa Mastercard Foundation katika vyuo kadhaa washirika. Wao hawatafuti mada ya fasihi hasa. Wanatafuta mtu mwenye sababu. Mwalimu wa Kakuma anayeweza kueleza kwa ukurasa mmoja jinsi Kiswahili cha Kongo, Kiswahili cha shule na lugha za Sudan Kusini zinavyokutana katika hadithi wanazosimuliana wanafunzi wake, ana sababu ambayo mwombaji wa mjini hawezi kuibuni.

Ng'ambo: "kamili" ina maana gani?

Hatutakaa sana hapa, maana wanaokwenda ni wachache. Lakini neno "ufadhili kamili" linahitaji kufunguliwa. Katika vyuo vya Marekani vyenye taaluma ya Kiswahili, kama Wisconsin-Madison na Indiana, ufadhili wa kawaida kwa mwanafunzi wa fasihi ni kazi ya usaidizi wa kufundisha. Chuo kinafuta karo na kukupa posho. Wewe unafundisha Kiswahili cha wanaoanza, mara nyingi kwa saa zinazofika 20 kwa wiki pamoja na maandalizi. Hutolewa zaidi kwa uzamifu kuliko uzamili. Maswali ni haya: posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili? Kiangazi utakula nini? Bima ya afya nani analipa? Umehakikishiwa miaka mingapi? Programu ya Fulbright ya wasaidizi wa kufundisha lugha, ambayo Wakenya wengi wa Kiswahili wameipitia, ni ya mwaka mmoja wa masomo na haitoi shahada. Ni njia nzuri ya kukutana na wasimamizi, basi.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo, na watu wengi husikia hapo na kuacha kusikiliza. Anayejilipia hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu kwenye akaunti maalumu iliyofungwa ili apewe visa. Mwaka 2024 kiwango kilipandishwa hadi euro 11,904 kwa mwaka. Kusoma bila karo si ufadhili. Ufadhili ni kama ule wa DAAD, ambao pia una nafasi za kusomea ndani ya Afrika. Kwa mwalimu wa Turkana, Bayreuth ina mvuto wa pekee: shule yake ya uzamifu wa taaluma za Kiafrika, BIGSAS, ilianzishwa mwaka 2007, na tangu 2019 mradi wake mkubwa wa utafiti wa Afrika umekuwa na kituo katika Chuo Kikuu cha Moi. Eldoret, basi, inaweza kuwa mlango wa Bayreuth, na semina za kituo hicho ni za kufuatilia kabla ya kununua tiketi ya ndege.

Uingereza, Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja kwa mwenye uzoefu wa kazi wa miaka miwili, kwa sharti la kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Mwaka mmoja ni mfupi mno kwa mtu anayetaka kukusanya nyimbo nyanjani, lakini unatosha kwa nadharia.

Barua ya kwanza

Barua ya kumwandikia msimamizi mtarajiwa isizidi ukurasa mmoja. Walimu wengi huanza na historia ya maisha yao na kumalizia na ombi la "msaada wowote". Mhadhiri huipa sekunde chache barua ya namna hiyo. Aya ya kwanza iseme swali lako la utafiti. Ya pili iseme umesoma nini juu yake, ukimtaja yeye ikiwa kweli umemsoma, na unatofautiana naye wapi. Ya tatu iseme una nini ambacho wengine hawana: unajua Ngaturkana, umerekodi saa kadhaa za masimulizi kwa idhini ya wasimuliaji, una rekodi za usomaji wa madarasa yako. Ya nne iulize fedha waziwazi: je, idara ina ruzuku, kazi ya usaidizi au mradi ambao mada hii inaweza kuingia? Kuuliza hivyo si ufidhuli. Mhadhiri mwenye mradi hutafuta mtu kama ambavyo wewe unamtafuta yeye.

Ambatisha kazi moja ya uhakiki ya kurasa kumi hadi kumi na tano, iliyo safi. Kama huna, iandike likizo hii, na jarida kama hili huwa linatafuta makala. Vyuo vya Marekani hufunga maombi mara nyingi kati ya Desemba na Januari. Chevening hufunguliwa Agosti. Vyetu vingi hupokea Septemba na Januari. Anayekusudia kuanza Septemba mwakani, barua hiyo itoke kabla shule hazijafungwa Agosti ya mwaka huu, na ombi la kutambuliwa vyeti, kwa mwalimu wa Kakuma, litangulie barua.